Kiongozi Aliyeketishwa Mkekani

Wapendwa, mabinti zetu karibu wanakwenda kambini, basi niwape kisa cha kambi. Alikuwapo msichana mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenzake, aliyekabidhiwa kikundi cha wasichana wadogo akiongoze likizo nzima. Kupika wapike wenyewe, hema walisimamishe wenyewe, yeye awafundishe. Jioni ya kwanza wakaunguza ugali. Akina mama mnaujua ugali ulioungua, harufu yake haina heshima. Kambi nzima ikawacheka.

Yule dada akaona haya. Akajiapia moyoni kwamba hawatachekwa tena. Tangu hapo akawapokonya mwiko. Kuni akaokota yeye, moto akawasha yeye, hema likilegea akakaza kamba yeye. Binti akisogea kusaidia, anaambiwa, "Kaa pembeni, utaniharibia." Wakakaa pembeni. Kikundi chao kikasifiwa kila ukaguzi, na dada akawa anaiona kabisa skafu anayotuzwa kiongozi bora wa kambi iko shingoni mwake. Tumlaumu? Alifanya kazi, maskini, mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Lakini kambi ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya kufunga kambi, viongozi wote huketishwa mkekani kama wageni. Hawagusi kitu; wasichana wao ndio wanaowapikia, na kwa chakula hicho skafu hutolewa.

Akaketi. Akawaona mabinti zake wanapuliza kuni, moshi mtupu, machozi yanawatoka. Maji hayajachemka, mmoja keshashika unga! Dada akainuka mbio.

"Mwanangu, kaa," akasema mama mlezi wa kambi.

"Mama, wataharibu!"

"Najua. Kaa."

Akaketi. Mara yule mwenye unga, mdogo kuliko wote, akaja mpaka mkekani.

"Dada, tukiunguza tena utatuchukia?"

Swali lile lilimchoma. Kumbe likizo nzima watoto hawakuuogopa moto, walimwogopa yeye! Akamshika mkono. "Unguzeni," akasema. "Mimi nitakula. Ila ngojeni maji yachemke kwanza."

Mtoto akarudi anakimbia. Ukapikwa ugali, jamani: chini umeungua, katikati mabonge. Dada akala, akaomba aongezewe. Wasichana wakapiga vigelegele utadhani wamepikia harusi. Skafu ikaenda kwa mwingine, wala hakugeuka kuitazama. Kesho yake asubuhi, akiwa bado amelala hemani, wakamletea uji wa moto. Hakuna aliyewaagiza.

Sasa tuje kwetu sisi. Tuko wangapi humu tulioshika kwaya, vikundi na majiko yetu kwa mikono miwili, halafu tunalalamika kwamba vijana hawajitumi? Nani aliwaambia wakae pembeni? Si sisi? Mungu alitukabidhi watu, sisi tukatunza sufuria. Tumesifiwa kwa kazi safi, na watoto wetu wamekua wakituogopa. Lakini hatujachelewa, wapendwa. Yule dada alibakiwa na siku moja tu, na ikamtosha.

Basi leo ukifika nyumbani, mpe binti yako ile kazi unayoogopa ataiharibu. Aiharibu mbele ya macho yako. Nawe keti, ule, umwambie asante.