Mafuta Jikoni, Wageni Sebuleni

Palikuwa na mama mmoja (msigeukiane kumtafuta, hasali hapa) ambaye binti yake alisifika mtaa mzima kwa adabu. Binti huyo, Tumsifu, alikuwa na miaka saba. Kuhusu jiko alikuwa amefundishwa vizuri tu: usiguse, na ukiona lolote njoo uniambie. Nani atalaumu mafundisho hayo? Ila sebuleni nako kulikuwa na mafundisho yake. Mbele ya wageni mtoto hakatizi wakubwa. Anapiga goti, anaamkia mmoja mmoja, anangoja aulizwe.

Jumamosi moja mama yuko kwenye maandazi, akina mama wanne wa kanisani wakabisha hodi. Akapunguza gesi, au alidhani amepunguza, akavua kanga ya jikoni, akavaa tabasamu. "Tumsifu, kaa na mdogo wako hapo kwenye mlango wa jikoni."

Tumsifu akakaa. Mdogo wake, wa miaka miwili, alikuwa sakafuni akigonga mwiko. Sufuria ya mafuta ikaanza kufuka. Moshi ukawa mzito, kisha ulimi wa moto ukachomoza. Tumsifu akamvuta mdogo wake mkono, "Twende!" Yule akaing'ang'ania meza na kugoma, mnajua wanavyogoma. Basi akamwacha, akakimbilia sebuleni.

"Mama! Mama, jikoni..."

"We! Ndiyo salamu hiyo? Wageni huwaoni?"

Wageni wakacheka. "Mwache bwana, mtoto huyo."

"Hapana, akizoea hivi atanitia aibu. Haya, rudi mlangoni uingie vizuri."

Akarudi mlangoni. Akaingia vizuri. Goti chini mbele ya mgeni wa kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uko darasa la ngapi?"

"La pili." Sauti ilimtetemeka, wao wakadhani ni haya.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Jamani, heshima iliyoje! Hebu tuimbie kidogo, ule wimbo wenu wa shule ya Jumapili."

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akamkonyeza: imba. Nawauliza, angefanya nini? Akaimba. Machozi yanamtoka anaimba, akina mama wanampigia makofi, na mmoja akasema Roho amemgusa.

Mgeni wa nne, ambaye zamu yake ya kuamkiwa haikuwa imefika, ndiye aliyenusa. "Kuna kitu kinaungua huko kwako."

Wakakimbia. Pazia la dirisha lilikuwa limeshika moto. Mama akanyakua ndoo ya maji, mgeni akamdaka mkono: "Maji kwenye mafuta? Unataka kutumaliza? Zima gesi!" Akafunika sufuria kwa sinia, akaling'oa pazia na kulikanyagakanyaga. Chini ya meza alikuwamo mdogo wake Tumsifu. Mzima, ila kipande cha pazia kilikuwa kimemwangukia mguuni, na kovu lake atazeeka nalo.

Mama akamkumbatia mwanawe anayelia, akamgeukia binti. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa bado sijamaliza kuwaamkia."

Sasa sisi. Nawaona mnamsikitikia mama yule. Msijisumbue. Wale wageni ni akina nani, kama si sisi? Makofi tulipiga sisi. Tunamwambia mtoto moto ni hatari, halafu kila siku tunamwonyesha kwamba aibu yetu ni hatari zaidi. Akivunja kikombe tunamchapa, kisha tunashangaa akiungua mkono anauficha chini ya shuka. Ametuogopa sisi kuliko moto. Hiyo tunaiita malezi?

Leo mkifika nyumbani, kabla hamjavua hizo nguo nzuri, mwingize mtoto jikoni. Mwonyeshe jinsi mpini wa kikaango unavyogeuziwa ukutani. Mwonyeshe kwa nini mafuta hayaachwi peke yake, na wewe ujifunze hapo hapo, maana mara nyingi anayeyaacha si yeye. Kisha mwambie, na umwambie mbele ya wageni ili ajue huna mzaha: Mwanangu, ukiona moto, piga kelele. Nikatize nikizungumza na askofu. Nikatize hata nikiwa nimepiga magoti naomba. Mungu ataningoja. Moto haungoji.