Tumesikia na Ghala Lililofungwa

Paukwa!

Pakawa!

Nipeni masikio, nami nitawapa kijiji.

Hapo kale, kale hasa, kabla njia hazijapewa majina, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Mtama wao ulikuwa mzuri, na nyani wa vilima vya jirani walilijua hilo. Asubuhi wanakuja. Adhuhuri wanakuja. Jioni wanakuja. Waliowazuia ni mbwa. Lakini msimu mmoja chui aliingia, akamchukua huyu, akamchukua yule, hata akabaki mbwa mmoja tu.

Mbwa huyo alikuwa jike, wa mtu aitwaye Chengo. Jina lake Tumesikia, kwa sababu Chengo alikuwa na majirani wenye maneno mengi, na kila alipomwita mbwa wake aliona amewajibu.

Basi Tumesikia alivuka mto, akapotea siku tatu. Aliporudi, alilala sana. Mwezi ukafa, mwingine ukaandama. Chuchu zikavimba, tumbo likashuka, likaning'inia kama kibuyu. Kijiji kizima kikajua: watoto wakizaliwa salama, tuna mbwa. Wakipotea, tunalima kwa ajili ya nyani.

Chengo akaenda kwa Bibi Mbeyu, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wote pale.

"Bibi, mbwa hubeba mimba muda gani?"

"Miezi miwili na siku chache. Chakula mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Tumbo usimbonyeze. Na siku atakayokataa chakula na kuanza kufukua, ujue ni leo au kesho."

"Nimjengee wapi?"

"Hilo hujaambiwa bado," alisema Bibi Mbeyu, akaendelea kupepeta.

Chengo hakulielewa jibu hilo, wala hakutaka kuuliza mara mbili. Alikwenda akajenga. Akajenga kama anamjengea mkwe! Kibanda cha fito, kuta za udongo, paa la makuti mapya, mlango wa kufunga. Ndani akatandika majani makavu. Majirani wakaja kutazama, kama desturi yao kwa mwanamke mjamzito, kila mmoja na alichobeba. Huyu mfupa, huyu uji, huyu mkono wa kumpapasa tumbo.

"Hata mimi sikujengewa hivi," alisema Sidi, mkewe Chengo. "Mwanangu wa kwanza nilimzalia jikoni, kuku wananitazama."

"Mama Jira, wewe hukimbizi nyani."

"Hujaniona tu nikiwakimbiza," alisema Sidi.

Siku ikafika. Tumesikia alinusa chakula, akakiacha. Akahema. Akazunguka ua mara moja, mara mbili, kisha akaenda moja kwa moja chini ya ghala la Sidi, akaanza kufukua.

Kwaru, kwaru, kwaru!

Chengo akambeba, akamtia kibandani. Mbwa akatoka. Kwaru, kwaru, kwaru!

Chengo akaziba shimo, akamfunga kwa kamba. Mbwa akaitafuna kamba, akatoka. Kwaru, kwaru, kwaru!

Mara ya tatu Chengo aliponyoosha mkono, Tumesikia alimwonyesha meno. Miaka yote hakuwahi. Chengo akarudi nyuma, akasimama na mkono wake hewani. Si kwamba aliogopa kuumwa. Alikuwa amekaa siku tisa akikanyaga udongo, na mbwa hata hakukiangalia kibanda.

Ndipo ghala likasema: kreee.

Ghala lile lilisimama juu ya nguzo nne, na lilikuwa limejaa mtama hadi juu. Tumesikia alikuwa amefukua penye mguu wa nguzo moja, na nguzo ilikuwa imeanza kuinama.

"Mtoe!" alipiga kelele Sidi. "Ghala litamwangukia!"

"Nikimtoa ataenda kuzalia porini," alisema Chengo. "Chui hatahitaji hata kumtafuta."

"Basi punguza mtama," alisema jirani mmoja, kisha akaziba mdomo wake kwa kiganja.

Kwa nini aliziba mdomo? Kwa sababu pale kijijini, mavuno yakishaingia ghalani, mwanamke mkubwa kuliko wote huuziba mlango wake kwa udongo, akabonyeza kidole gumba. Ghala hilo halifunguliwi mpaka tone la kwanza la mvua. Anayefungua kabla, walisema, ameikaribisha njaa kwa jina. Na mvua ilikuwa bado miezi miwili.

Wakasimama. Chengo alimtazama mkewe. Sidi alilitazama ghala. Mtama ule ulikuwa wa watoto wake wanne.

Kreee.

Bibi Mbeyu akaja, hatua kwa hatua, na jembe dogo mkononi. Hakumtazama mbwa. Akaweka kiganja chake juu ya nguzo.

"Alama hii ya gumba ni ya nani?"

"Ni yako, Bibi," alisema Sidi.

"Na mtama ni wa nani?"

"Wangu."

"Unasemaje?"

"Naogopa, Bibi."

"Hata mimi. Mama yangu alinifundisha kuziba ili watu wasile kwa pupa. Kufungua hakunifundisha. Lakini mkono ulioziba ni wangu. Njaa ikija kuuliza, ielekezeni kwangu."

Sidi akaenda jikoni. Wakadhani amekataa. Akarudi na vikapu viwili.

Bibi Mbeyu akabomoa udongo kwa jembe: ko! ko! ko! Chengo akashika mti wenye panda, akategemeza nguzo. Wanawake wakapokezana vikapu, polepole, bila nyimbo. Sidi akaelekeza mtama uingie kibandani mwa Chengo, maana pale palikuwa pakavu na mlango upo.

"Usinune, Baba Jira," alisema. "Kimepata mgeni."

Ghala likawa tupu. Nguzo ikatulia. Bibi Mbeyu akaweka bakuli la maji karibu na shimo, akawafukuza watu wote hatua thelathini, akakaa mbele yao kama ukuta.

Alasiri, wakasikia: kwii. Kisha kwii nyingine. Watoto saba kwa jumla, waliolia ni sita. Wa mwisho hakulia. Tumesikia alimlamba, akamlamba, akamlamba. Chengo akainuka.

"Kaa, mwanangu," alisema Bibi Mbeyu. "Mama yake amekwisha kumwona."

Tumesikia akamsogeza pembeni kwa pua, akawarudia sita. Chengo akakaa.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Waliosema ni kwa sababu ya ghala walikuwapo. Waliosema mvua huchelewa tu walikuwapo. Bibi Mbeyu hakubishana na yeyote. Alipunguza chakula chake mwenyewe, akapeleka kapu kwa Sidi. Mvua ikaja mwishowe. Na mtama mpya ulipochanua, nyani waliposhuka vilimani, walikuta shambani mbwa saba.

Bibi Mbeyu alikufa zamani, wala kaburi lake halijulikani vizuri liko wapi. Lakini funzo aliloacha ni hili: kumwandalia mzazi si kumjengea pale tunapopapenda sisi. Ni kuondoa uzito ulio juu ya pale alipopachagua yeye, hata kama uzito huo ni akiba yetu.

Ndiyo maana katika kijiji kile, mwanamke akikaribia kujifungua, majirani hawaingii na mikono ya kupapasa tumbo. Husimama nje ya mlango, wakauliza: "Tukuondolee nini?"

Hadithi yangu imetua hapo, nami nimetua nayo.