Nazi ya Bi Salha na Chujio la Sista

Hadithi ninayo, na hasira ninayo. Leo zinakuja pamoja, mnivumilie.

Mzee Shemboko figo zilimgomea. Akawa anasafishwa damu kwa mashine, na bado mafuta yakamjaa kwenye damu mpaka daktari akauhofia moyo wake. Watu watatu wakamwokoa. Sista Dafrosa, muuguzi wa mashine zile, alijaliwa ulimi wa kuomba. Bi Salha, mkewe Mzee, alijaliwa ukali. Mwalimu Hiza, mgonjwa wa kitanda cha jirani, alijaliwa moyo wa kuachia.

Sista alisikia kuna machujio mapya ya mashine, yamepakwa vitamini E kwa ndani, huenda yakapunguza mafuta ya damu. Akaomba huku, akaomba kule, akasumbua watu hadi wakamchoka. Likaja boksi moja, la kumtosha mgonjwa mmoja tu.

Bi Salha, bila kumwambia mtu, akaifukuza nazi jikoni. Tanga hii, wali mkavu na samaki wa kuchemsha! Harusini alimpokonya mumewe sahani ya pilau mbele ya wakwe. "Waniseme wanavyotaka," akamwambia, "pilau huli!"

Na boksi lile alipangiwa nani? Mwalimu Hiza. Naye mafuta yalikuwa juu. Akamtazama mwenzake anavyohema, akasema, "Mpeni Shemboko kwanza. Mimi nitasubiri lijalo."

Miezi ikapita. Mafuta ya Mzee yakashuka, vigelegele vikapigwa. Ya Mwalimu yakapanda, kifua kikaanza kumbana. Halafu, la kwanza likiwa limekaribia kwisha, likaja boksi la pili. La mtu mmoja tena!

Daktari akawaita wote. "Kama ni chujio lililomsaidia Mzee, tukimwondolea, mafuta yatarudi. Kama ni chakula, boksi apewe Mwalimu. Kugawana hapana, nusu haimfai yeyote. Sasa niambieni, ni kipi?"

Nani ajue? Nazi iliondoka wiki ile ile chujio lilipoingia! Jamani, hata kuambiana? Mtu unaudhika mpaka basi.

"Ni chujio langu," akasema Sista.

Bi Salha akafura. "Chujio lako? Na mimi niliyenuniwa na nyumba nzima kwa wali mkavu?"

"Kwa hiyo ni chakula," akasema daktari. "Basi tumpe Mwalimu."

Bi Salha akaona mtego. Akijisifu, mumewe anakosa chujio. Akinyamaza, jasho lake limepotea bure, na Mwalimu ndiye anayekosa.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ndogo, "wewe unasemaje?"

"Nilishasema, shemeji. Nilisema nitasubiri lijalo." Akalitazama boksi. "Ndilo hili."

Mzee Shemboko akajifunika shuka usoni.

Haya, ninyi mnaonikodolea macho. Sista kaomba, mke kapika, Mwalimu kaachia. Nani kamponya Mzee? Na boksi lile pale mezani, wewe ungemkabidhi nani, huku mwenzake anakutazama?