Unyayo wa Mama Nyamizi kwenye Matofali Matatu

Hapo zamani za kale, zamani ile hasa wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na vyungu vya kuinjika, alikuwepo Pimbi mmoja, mdogo, mwepesi, mama wa mtoto mmoja wa kike aitwaye Nyamizi. Sogeeni karibu. Wewe, acha kumfinya mwenzio, sikiliza.

Mama Nyamizi alikaa kwenye upenyo wa jabali. Chumba kimoja tu, lakini chake. Mvua haiingii, tai hafiki. Na kwa Pimbi mwenye mtoto mchanga hakuna kinachozidi hilo, maana yule tai juu angani kazi yake ni kuzunguka tu, anazunguka, anazunguka, anatafuta kitoto cha Pimbi kilichokosa paa.

Siku moja akachungulia kibuyu cha mtama. Mtama umebaki wa kujaza kiganja! Akamfunga Nyamizi mgongoni, akatoka kutafuta kazi.

Wakati huo kazi iliyovuma ilikuwa udalali wa viwanja. Kila mnyama anataka kujenga. Na dalali mkubwa kuliko wote alikuwa Fisi. Nyumba yake, jamani! Vyumba sita, juu ya kilima, ukuta wa mawe, na mlango mpana hata Tembo anapita bila kuinama.

"Hodi, Mjomba!"

"Karibu, mwanangu, karibu. Heh-heh-heh! Unataka kuwa dalali, wewe? Na kimo hicho?"

"Nitajifunza, Mjomba. Nina mtoto."

Fisi akamtazama miguu. Akaitazama tena, akatabasamu meno yote nje.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Ukiuza kiwanja, unachukua tofali bichi, unaliweka chini, unalikanyaga, pwacha! Linakauka juani, anapewa mnunuzi. Mwenye unyayo ndiye muuzaji. Kiwanja kikija kuleta maneno, mwenye unyayo anatoa nyumba yake mwenyewe, anahama siku hiyohiyo. Hakuna kesi, hakuna kubembelezana.

"Mimi mguu wangu mzito, unapasua tofali," Fisi akasema. "Wako mwepesi, mzuri. Mimi nitawapeleka wateja kuona viwanja, wewe kaa hapa kivulini na mtoto, kanyaga tofali tu. Kila tofali, kibaba cha mtama. Unasemaje?"

"Na mimi viwanja nisivione, Mjomba?"

"Uchomwe na jua huko na mtoto mchanga? Huna huruma, mwanangu!"

Mama Nyamizi akaona kweli, Mjomba ana utu.

Wiki ya kwanza Fisi akarudi na Tembo. "Kiwanja cha Mnara, hicho! Tambarare! Upepo mwanana!" Pwacha! Mama Nyamizi akakanyaga, akapata kibaba chake.

Wiki ya pili akarudi na Nyati. "Kiwanja cha Ukingoni, dada yangu, wenzio wanakigombania!" Pwacha! Kibaba kingine.

Wiki ya tatu, Kifaru. "Kiwanja cha Machweo, mzee wangu, kama si wewe nisingekitoa!" Pwacha! Uji jikoni ukawa mzito, Nyamizi akanenepa mashavu, na mama yake akaanza kutembea njiani anasalimiwa, "Habari za kazi, dalali?" naye anajibu, "Tunashukuru, tunashukuru," kidevu juu.

Basi asubuhi moja yuko mlangoni anampaka mtoto mafuta. Akasikia ardhi. Gubu! Gubu! Gubu! Vumbi, huyo Tembo. Nyuma yake Nyati, puani moshi. Nyuma ya Nyati Kifaru, anapiga pembe kwenye miti njia nzima, kwa! kwa! kwa!

Kila mmoja na tofali lake.

"Toka nje!" Nyati akanguruma. "Nimekwenda kuchimba msingi, namkuta huyu Tembo kasimamisha nguzo zake katikati ya kiwanja changu!"

"Kiwanja chako wapi?" Tembo akasema. "Changu mimi, cha Mnara!"

"Cha Machweo!" Kifaru akafoka. "Nimemwaga mawe yangu pale tangu juzi!"

Mama Nyamizi akasema, "Wakubwa zangu, mmepotea njia tu, hivyo ni viwanja vitatu..."

"Ni KIMOJA!" wakasema wote watatu.

Kimoja? Mama Nyamizi alihisi kama kamwagiwa maji ya kisimani. Kimoja! Majina matatu, kiwanja kimoja, naye hajakiona hata kwa dawa, hajui kiko upande gani wa mto!

"Huu unyayo wa nani?" Tembo akauliza taratibu. Upole ule ulitisha kuliko makelele ya Nyati. Akaliweka tofali lake chini. Nyati akaweka lake. Kifaru akaweka lake, puu! Vidole vilevile, kisigino kilekile.

"Wangu," Mama Nyamizi akasema.

"Basi hama," akasema Kifaru. "Desturi ni desturi."

Juu, tai akapita. Kivuli chake kikatambaa kwenye jabali, kikapita juu ya uso wa mtoto. Mama akamkumbatia Nyamizi mpaka mtoto akalia, nya! nya!

"Nawasihi," akasema mbiombio, maneno yanakanyagana, "kabla hamjanitoa, nionyesheni hicho kiwanja, nikione tu, nimekiuza mara tatu na sikijui, nakuombeni, mimi na mtoto huyu tukimbie wapi, nionyesheni tu."

Tembo akashangaa. "Hujawahi kukiona?"

"Sijawahi."

"Mama yangu mzazi!" akasema Nyati.

Wakaenda, kila mmoja na tofali lake. Kiwanja kizuri kweli, tambarare, na pembeni yake kijumba cha majani. Mama Nyamizi akapiga hodi. Akatoka Kenge, mzee, anajikokota, ananyonya meno.

"Mzee wangu, shikamoo. Wewe ndiye jirani wa kiwanja hiki?"

"Marahaba. Jirani? Mimi ndiye mwenyewe. Shamba langu, nimelipumzisha. Kila wiki namwona Fisi anapita na mgeni, wananyoosha vidole, nikadhani wanaangalia mawingu. Hakuna aliyebisha hodi hapa. Hata hao wakubwa wako. Wewe ndiye wa kwanza."

Tembo akakohoa. Nyati akaangalia chini. Kifaru akajifanya ana mwiba mguuni.

Mama Nyamizi akakaa palepale. Kumbe hata hicho kimoja si cha Fisi! Kauza mali ya mtu kwa mguu wa Pimbi! Akakaa, akayatazama yale matofali matatu. Ya udongo mkavu, hayajachomwa. Akayatazama sana. Halafu akasimama wima, chwi!

"Wakubwa zangu," akasema, "jua likifika utosini nisipomleta muuzaji, nyumba yangu chukueni. Ila mjifiche. Mzee Kenge, naomba mtungi wa maji, kapu kubwa, na jani la mgomba la kufunikia."

Akamnong'oneza Kenge la kusema, huyo, mbio mpaka kwa Fisi.

"Mjomba! Naomba uniazime toroli!"

"Toroli la nini?"

"La kubebea nyama, Mjomba. Wateja wetu wamefurahi, sijapata kuona. Wameleta shukrani, mapaja matatu, yana mafuta yanachuruzika. Wameacha kwa yule mzee Kenge, karibu na viwanja."

Fisi masikio yakasimama. "Wamekutana? Tembo na Nyati?"

"Wakutane wapi? Kila mmoja kaleta siku yake. Wamekabidhi na matofali, wamesema mwenye unyayo aende achukue. Sasa unyayo si ni wangu mimi? Toroli, Mjomba, nyama isije ikaharibika."

"Unyayo wako?" Mate yalikuwa yanamdondoka kidevuni. "Aliyewapeleka juani nani? Aliyesema maneno matamu mpaka ulimi ukakauka nani? Wewe ulikaa kivulini unanyonyesha!"

"Lakini Mjomba, desturi..."

"Desturi nitaionyesha mimi! Kaa hapohapo!"

Akatoka mbio, vumbi, vuu! Toroli akalisahau.

Kule shambani Kifaru alikuwa amelala kwenye korongo, Nyati kasimama nyuma ya nyumba. Tembo alijificha nyuma ya kichaka, ila kwa kweli ni kichaka ndicho kilichojificha nyuma ya Tembo. Fisi hakuona. Aliona kapu tu, limefunikwa jani la mgomba.

"Lete hilo kapu, mzee!"

"Taratibu," akasema Kenge. "Nimeambiwa nimpe mwenye unyayo. Lete mguu tupime kwenye matofali haya."

Fisi akaweka mguu wake juu ya ule unyayo mdogo. Kisigino tu kiliufunika wote.

"Aa, si wako huu. Wa mtu mdogo. Nitamsubiri."

"Wa mdogo nini? Umesinyaa kwa jua! Maji yako wapi?"

Akanyakua mtungi, akamwagia matofali, chwaa! Udongo ukalegea. Akakanyaga la kwanza, pwacha! La pili, pwacha! La tatu, pwacha! Vidole vyake vipana vikazama, vile vidogo vikafutika kabisa.

"Haya! Wa nani huo?"

"Naona wa Fisi," akasema Kenge. "Lakini viwanja vyote vitatu uliviuza wewe?"

"Vyote vitatu! Kwa mdomo wangu! Mimi Fisi! Yule Pimbi nilimwazima mguu tu! Lete nyama!"

Kenge akafunua jani. Kapu lilijaa mawe ya msingi ya Kifaru.

"Heh?" akasema Fisi. "Heh-heh?"

Kichaka kikasogea. Korongoni ikatokea pembe. Nyuma ya nyumba, pua mbili zinafuka moshi. Fisi akageuka huku, akageuka huku, makalio yakamshuka mpaka leo hayajapanda.

"Desturi ni desturi," akasema Kifaru.

Kabla ya jua kuinama Fisi alikuwa njiani na kitanda chake kichwani, na wale watatu wakagawana vyumba sita, viwiliviwili.

Tembo akamshushia mkonga Mama Nyamizi mpaka usoni. "Lakini mguu ulikuwa wako, mama."

"Ulikuwa wangu," akasema.

"Usirudie."

Hakurudia. Kesho yake Swala alikuja kwenye jabali kuulizia kiwanja, na Mama Nyamizi, kabla hata hajamkaribisha kigoda, akamfunga mtoto mgongoni. "Twende kwanza tukawaamkie majirani zake," akasema.

Mimi nimefika mlangoni kwangu, nanyi ingieni kwenu na hili moja: usikanyagie tofali ardhi ambayo macho yako hayajaiona na jirani yake hujampigia hodi.