Cheti cha Mbwa Aitwaye Kanali

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Swali liko mwishoni na sitalirudia.

Katika kijiji cha Kilulunyi, milimani Taita, walikuwapo vijana watatu. Wa kwanza ni Saru, aliyejaliwa macho. Saru husoma kila kitu: gazeti lililofungiwa nyama, matangazo ya mazishi, yale maandishi ya sisimizi nyuma ya pakiti ya dawa. Wa pili ni Righa, asiyejua kinyaa. Damu, usaha, matapishi, yeye hukunja mikono ya shati tu. Wa tatu ni Mkawasi, aliyejaliwa njia. Mpe pikipiki na mvua na matope, atafika, na abiria wake atafika naye.

Wote watatu wana digrii. Naam, zile za kuvaa joho na kupigwa picha na mashangazi. Na wote watatu hawana kazi. Mkawasi ana second class upper, na wanamwita dada wa boda. Endeleeni kucheka.

Jirani yao alikuwa Mwalimu Mwanyumba, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye mbwa aitwaye Kanali. Miaka minne nyuma, watu wa mifugo walikuja joshoni na kisanduku cha barafu, wakachanja mbwa bure dhidi ya kichaa, kila mbwa akaandikiwa kadi. Wengine walitia kadi zao kabatini. Mwalimu alipeleka yake kwa fundi, ikatiwa fremu na kioo, ikatundikwa sebuleni kati ya picha ya harusi na cheti chake cha ualimu. Mwaka uliofuata watu wa mifugo wakarudi, na uliofuata tena, na tena. Kila mara Mwalimu aliwajibu akiwa amekaa barazani: "Wangu tayari. Alishahitimu."

Amehitimu! Mbwa! Kadi yenyewe ilikuwa na mstari chini kabisa: chanjo irudiwe kila baada ya miezi kumi na miwili. Ni kama bima ya pikipiki. Ukibandika stika ya mwaka juzi huna bima, una karatasi. Lakini nani angemwambia Mwalimu? Yeye ndiye aliyetufundisha kusema "ndiyo, Mwalimu".

Jumatatu moja asubuhi Kanali, ambaye kwa siku mbili alikuwa hali chakula, anatafuna mawe na kudondosha mate kama bomba bovu, alitoka langoni akamuuma mkononi Nyambu, mtoto wa jirani, wa miaka sita. Mama Nyambu akapiga ukemi. Watu wakajaa. Na Mwalimu akatoka ndani amekumbatia fremu.

"Tulieni! Mbwa huyu amechanjwa. Ushahidi huu hapa."

Nao wakatulia! Watu wazima na akili zao. Mama Nyambu akaanza kufunga kidonda kwa leso ili ampeleke mwanawe nyumbani akapumzike.

Saru akapenya, akainama mbele ya kioo. "Samahani, Mwalimu. Hii ime-expire. Tena miaka mitatu iliyopita."

"Wewe binti! Kusoma nilikufundisha mimi!"

"Ndiyo maana naisoma." Kisha akamgeukia mama. "Mama Nyambu, usiende nyumbani. Huyu mbwa hana kinga. Na ugonjwa huu ukishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna hospitali itakayokusaidia. Utazika."

Bila maneno hayo, Nyambu angelazwa kitandani kwao na kupewa uji.

Wakati wao wanabishana, Righa alishambeba mtoto hadi bombani, kafungua leso, kashika kipande cha sabuni. Bibi mmoja akaja na mafuta ya taa. Mzee mwingine akaja na ugoro, kidonda kipakwe kikauke.

"Bibi, rudi nyuma. Mzee, please, vuta mwenyewe hiyo."

"Unamwumiza mtoto, we mwana! Si umeshaosha?"

"Dakika nne. Zimebaki kumi na moja."

Nyambu alipiga mateke, akamtusi matusi ambayo sijui mtoto wa miaka sita aliyatoa wapi. Righa akaendelea kuosha, maji yakitiririka, mpaka robo saa ikatimia kwenye simu. Baadaye mganga wa hospitali alisema hadharani: sehemu kubwa ya sumu ya yule mbwa iliondokea pale bombani.

Mkawasi akampakia mtoto katikati, mama nyuma. Zahanati ya kwanza: dawa hakuna. Kituo cha pili: dawa ipo, ila mwenye ufunguo wa friji yuko semina. Semina! Mama Nyambu akaanza kulia, akasema turudi tu, Mungu anajua. Mkawasi hakuzima hata injini. "Mungu anajua, na mimi najua njia ya mjini." Kilomita arobaini na tatu, mvua usoni. Mjini dawa ilikuwapo. Sindano zilikuwa tano, zimepangwa ndani ya mwezi mmoja, na Mkawasi alimpeleka kwa zote, bila kukosa siku hata moja.

Kanali alikufa Alhamisi. Maabara ikathibitisha kichaa. Nyambu leo anacheza mpira na kuvunja vioo vya watu.

Basi chifu akaitisha baraza. Wadi inataka mtu mmoja wa kuajiriwa, ahesabu mbwa wote na kuhakikisha wanachanjwa kila mwaka, si mara moja halafu fremu. "Atapewa aliyemwokoa Nyambu," akasema. "Nafasi ni moja."

Mbwa mia nne, vijiji sita, nafasi moja. Nchi hii ina uchoyo wa ajabu!

"Bila mimi mngekuwa bado mnaipigia kadi makofi," akasema Saru.

"Ungesoma hadi jioni," akasema Righa, "mate ya mbwa yangekusubiri?"

"Someni, osheni," akasema Mkawasi. "Dawa ilikuwa mjini."

Ndipo Mwalimu Mwanyumba akasimama. "Saru. Januari ulikuja kwangu nikusainie barua ya kuomba kazi. Ulikaa mkabala na fremu ile nusu saa nzima. Wewe usiyeacha kusoma kitu."

Baraza zima likamgeukia Saru.

"Niliisoma," akasema Saru. "Nilitaka sahihi yako, Mwalimu. Nikanyamaza."

Righa akacheka kwa uchungu. "Na mimi mbwa wangu hajawahi kuchanjwa hata mara moja. Nilisema hatoki nje ya ua."

Mkawasi akavua kofia ya pikipiki. "Mwaka jana ni mimi niliyebeba kile kisanduku cha barafu. Tulipita langoni pa Mwalimu. Akasema wangu tayari. Nikatia gia."

"Na wewe Mwalimu?" akauliza Mama Nyambu.

"Mimi nilikuwa na kadi."

Mtu mmoja alitema mate chini. Sikumlaumu.

Chifu akatazama saa. Fomu ifike kwa wadi kabla ya saa kumi. Ikikosa jina, nafasi inarudi mjini, na mjini kila nafasi ina mpwa wa mtu anayeisubiri. Akampa Mama Nyambu kalamu. "Mtoto ni wako. Andika wewe."

Mama Nyambu akawatazama wote watatu. Saru kainamisha macho. Righa anajifuta mikono isiyo na kitu. Mkawasi anatazama barabara. Fomu ina mstari mmoja, na saa imeshapita tisa na nusu.

Haya, msiniambie wagawane, mshahara wenyewe haumtoshi hata mmoja. Na msiniambie wote wana makosa, kwani asiye na kosa hapa ni Nyambu peke yake, na ana miaka sita. Ninyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa: mngemwambia mama huyu aandike jina la nani?