Maji ya Kunywa Nani

Wewe uliyeketi hapo karibu na dirisha, hebu niambie: ukialikwa mahali ambapo chakula kipo, kinywaji kipo, kitanda kipo, na yote yamekwisha kulipiwa, unabeba nini?

Naona mnacheka. Mnajisemea moyoni, unabeba tumbo. Haya.

Kulikuwa na mama mmoja wa huku kwetu kwenye ukame. Msinizingire baada ya ibada kuniuliza ni wa ukoo gani. Tumwite tu Mama Nthenya, kwa sababu binti yake aliitwa Nthenya. Huyu Nthenya alikuwa nesi mjini. Wapo wale wachache waliosoma halafu wakapata kazi, naye alikuwa mmoja wao, tumpigie makofi kimoyomoyo tuendelee. Akaweka akiba kidogo kidogo, na siku moja akampigia mama yake simu.

"Mwaitu, mama yangu, jitayarishe. Tunapanda meli ya kitalii."

"Tunakwenda wapi?"

"Hatuendi mahali, mama. Tunazunguka visiwani, tunakula, tunalala, tunarudi."

Mama akafikiri. "Kwa hivyo tunalipa nauli ili turudishwe tulipotoka."

"Ni likizo. All inclusive."

Sasa all inclusive, kwa wale mliotoroka kipindi cha Kiingereza, maana yake ni: kula mpaka ushindwe, tumeshakukamua mlangoni. Wenye digrii mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama mnaongoja kuitwa interview, mnisahihishe nikikosea.

Siku ya safari Nthenya alimngoja mama yake kwenye kituo cha treni Mombasa. Watu wakashuka na masanduku yao ya magurudumu, kru kru kru. Halafu akaona kitenge kipya, viatu vipya, kilemba kimefungwa kama cha harusi, moyo wake ukajaa. Ndipo macho yakateremka mpaka kwenye mkono wa kulia. Mama alikuwa amebeba mtungi. Ningesema chupa ningekuwa nimemsaidia Nthenya, lakini ulikuwa mtungi: ule wa njano wa mafuta ya kupikia, umesuguliwa kwa mchanga na kokoto mpaka unang'aa, kifuniko kimekazwa juu ya kipande cha nailoni usivuje njiani. Umejaa hadi shingoni.

Na maji yenyewe yalitoka mtoni. Nikisema mtoni, nyinyi mnanielewa, maana mto wetu ni mchanga mtupu. Mama alipiga magoti pale mchangani, akachimba mpaka mkono ukazama begani, akangoja maji yajikusanye, akayachota kwa kikombe. Ukichota haraka yanachafuka. Basi akachota, akangoja, akachota, akangoja.

"Mama, hii ni nini?"

"Maji."

"Naona ni maji. Ni ya nini?"

"Ya kunywa."

"Meli ina maji ya kunywa."

"Sikukataa," mama akasema, akauhamishia mtungi mkono wa pili, wakatoka.

Bandarini Nthenya alikuwa na wenzake wa kazini, manesi wenye miwani mikubwa ya jua na kofia za ukili. Wakauona mtungi. Walitabasamu tu, lile tabasamu la kumtazama mtoto aliyevaa viatu miguu imekosana. Nthenya alitamani sakafu ya bandari ipasuke immeze, yeye na mtungi.

Kwenye mashine ya ukaguzi, afisa wa usalama aliyevaa glavu akauliza, "Mum, what is in the container?"

Nthenya akadakia kwa Kiingereza cha hospitali. "It's just drinking water, sir. You know how they are."

Mmeisikia hiyo? How they are. Mtoto kamaliza chuo, mama ameshakuwa they. Lakini msimhukumu, ninyi mnaomwambia mzazi wenu akae jikoni wageni wenu wakija.

Afisa akamgeukia mama kwa Kiswahili. "Mama, ni ya kunywa?"

"Ni ya kunywa, mwanangu."

Akafungua, akanusa, akafunga, akapitisha. Na hapo nataka mkae macho, kwa sababu kila mtu aliyekutana na mtungi ule aliuliza swali lilelile, akapewa jibu lilelile, akaondoka akidhani ameelewa.

Wakaingia. Ndugu zangu, ile meli ilikuwa mtaa mzima wenye taa. Mezani mhudumu akaja na jagi lenye barafu. Mama akafunika glasi kwa kiganja. Ikaja chai, kiganja. Ikaja juisi, mama akauliza kama imetiwa maji, akaambiwa kidogo, kiganja. Lakini likaletwa tikiti, hapo mama hakufunika kitu. Alikula sahani, akaongezwa, akala tena.

"Mbona tikiti unakula?" Nthenya akanong'ona.

"Tikiti ni tunda. Limelimwa, halikuchotwa."

Nthenya akaliacha. Akajiambia, mama haamini maji ya wageni, basi, atakunywa yake chumbani. Lakini asubuhi aliutazama mtungi akaona maji bado yako shingoni, na nailoni haijafunguliwa. Dawa ya presha mama aliimeza kwa kipande cha tikiti. Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka, na akiongea ulimi ulikuwa unagandia. Nesi haambiwi hayo na mtu. Anayaona. Na ukiyaona kwa mgonjwa wodini unatundika dripu, lakini ukiyaona kwa mama yako unatundika nini?

Mchana jua likasimama utosini. Wote walikuwa kwenye sitaha, wengine wakiogelea. Mama akainuka kutazama kisiwa kwa mbali, akayumba. Akashika chuma. Nthenya alimdaka kiunoni, akamkalisha kivulini, akakimbia akaja na glasi ya maji.

Kiganja.

Ndipo yule binti alipopasuka. Wenzake wakiwa hapo, mhudumu akiwa hapo, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kumwinulia mama yake. "Mama, unataka kunifia baharini? Nimehangaika kukuleta hapa nikupumzishe, na wewe unaniaibisha mbele ya watu kwa kigaloni cha mafuta. Watasema sisi ni watu wa kiu."

Mama alimtazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Sisi ni watu wa kiu, Nthenya. Hilo si tusi. Tangu lini likawa tusi?"

Nthenya akapiga magoti pale kwenye mbao za sitaha, akamshika mama mikono, akabembeleza. "Basi, mwaitu. Nisamehe. Kama hutaki ya meli, kunywa ya kwako."

"Ya kwangu yapi?"

"Ya mtungini, mama. Si wewe mwenyewe umesema ni ya kunywa?"

"Ni ya kunywa. Lakini hukuniuliza ni ya kunywa nani."

Mnasikia jambo hilo? Nthenya alikaa chini kabisa.

"Tangu jana nangoja mwenye nyumba atokee anisalimie nimpe," mama akasema. "Kila ninayemwona kavaa nyeupe nasema ndiye huyu, kumbe ni wa sahani. Nimeona watu wote hawa, Nthenya, watu kama wa sokoni, wamezungukwa na maji ya chumvi yasiyonyweka. Nikajiuliza, huyu mwenyeji wetu ya kuwanywesha wote anayachota wapi? Halafu mimi niingie kwake mikono mitupu nimwambie nipe maji? Ni nyumba ya nani uliwahi kuona nikifanya hivyo?"

Na hapo Nthenya akakumbuka. Hakuwa mgeni wa desturi hiyo, alizaliwa ndani yake. Akawaona wageni wa kiangazi wakipanda njia ya kwao, kila mmoja na kibuyu au mtungi wake, wakimkabidhi mwenye boma hata kabla ya salamu kwisha. Mwenye boma anakunywa kwanza, mgeni akimtazama. Kisha naye anamchotea mgeni kutoka kwa maji ya nyumba. Baada ya hapo mmekuwa watu wa nyumba moja, hata kama mlikuwa mmenuniana. Alilijua hilo lote. Lakini ameishi miaka mingi mjini na maji ya mfereji, na mfereji, ndugu zangu, ni kitu kizuri ila unasahaulisha.

Akainuka, akaenda mapokezi, macho yamemwiva. Mkuu wa mapokezi alikuwa dada wa Kigiriama, jina lake Dama, sare imenyooka, Kiingereza kimenyooka. Nthenya akaanza kujieleza, excuse me, I'm so sorry, it's a bit embarrassing, ni mama yangu, ameleta maji, anataka kumpa mwenye meli, I know it sounds crazy.

Dama akamkatiza kwa Kiswahili. "Mama yuko wapi?"

Walimkuta palepale kivulini. Nthenya alikuwa ameupitia mtungi chumbani, akampa mama. Mama akajaribu kusimama, Dama akamzuia, akachuchumaa yeye.

"Mama, mwenye meli hayupo. Ametutuma sisi tupokee wageni kwa niaba yake. Hapa mimi ndiye mwenyeji wako."

"Nimekuletea maji," mama akasema. "Ni kidogo. Kwetu hakujanyesha."

Dama akaupokea kwa mikono miwili. Akafungua, akamimina kwenye glasi. Maji yalikuwa na ile rangi yetu mnayoijua, rangi ya chai iliyokatazwa majani. Wale manesi wakatazamana, mmoja akataka kusema jambo kuhusu vijidudu, Nthenya akamtazama jicho moja tu akanyamaza. Dama akainua glasi, akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka mwisho, taratibu, kama mtu asiye na meza ya kurudia.

"Yana ladha ya mchanga," akasema. "Matamu. Asante, mama. Karibu kwetu."

"Sasa nipe yako," mama akasema.

Akanywa glasi ya kwanza bila kupumua. Akanywa ya pili. Nthenya akamshikia ya tatu. Mama alipomaliza akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Yenu ni baridi mno," akamwambia Dama, "na hayana ladha ya kitu chochote. Lakini ni maji."

Najua nusu yenu hapa mlikuwa mmeshaniandalia fundisho. Meli ina kila kitu, usijibebee mzigo, neema ni bure, amina, tukale. Tamu sana hilo. Ningelihubiri mngeninunulia hata soda. Lakini mama huyu hakukosa imani na ile meli. Aliipenda, akaihurumia, akaichimbia maji. Waliokosea ni waliouona mtungi wakaona umaskini.

Nao ni sisi. Tena sisi tuliosoma ndio tumebobea. Mtu akija na kitu mkononi tunadhani anaogopa kukosa. Tunamwambia, weka hapo kando, mama, usizuie njia. Tunampita tukienda kumtafuta mgeni wa maana. Hakuna anayesimama kumuuliza, umemletea nani? Na mtu anaweza kukaa hivyo katikati yetu, midomo imemkauka, anangoja tu mmoja atoke amwambie, mimi ndiye mwenyeji, nipe.

Sasa nisogee karibu na nyumba, na nisogee polepole maana nawapenda. Kina mama wa kanisa hili, hebu simameni. Hapana, kaeni, mmechoka. Every Sunday, mvua au kiangazi, na tunajua huwa ni kipi, mnaingia hapa na mitungi migongoni. Chai ya wageni ni maji yenu. Sahani zinaoshwa kwa maji yenu. Wale watoto waliobatizwa juzi, yaliyomwagwa vichwani mwao nani aliyachimba? Na nyuma ya ukuta huu, hapo hapo, kuna tangi la kanisa. Mawe yake mliyabeba nyinyi. Mchanga wake mliuteka nyinyi. Mvua ikanyesha, likajaa, likatiwa kufuli, tukatangaziwa kwamba maji yanatunzwa kwa ajili ya wageni rasmi.

Basi katika nyumba hii mgeni ni nani? Na mwenyeji amejificha wapi siku zote hizi, mbona hatoki kupokea?

Wazee wa kamati ya maendeleo, sina vita nanyi. Nyinyi ndio mlizunguka na kofia vijana wengi wa hapa wakapata karo, hatujasahau. Ndiyo maana nawaambia usoni, sikuwasengenya pale dukani. Sitaki kamati ndogo ya kuchunguza kufuli. Sitaki tuliombee, na msiniambie mtaliangalia kwenye kikao kijacho. Ufunguo uko mfukoni mwa mzee mmoja aliyeketi hapa mbele, naye anajijua. Simama, baba. Pitia mlango wa kando, ulifungue hilo tangi, uwaletee kina mama hawa maji kwa mikono yako mwenyewe. Nenda tu. Tutaimba tukikungoja.