Nguzo za Mzee Ngwele

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kivuko, na mvushaji wake.

Hapo zamani za kale, jambo la mwisho la kawaida kutokea kivukoni kabla vita havijakifikia lilikuwa ugomvi juu ya nguzo.

Mzee Ngwele, mkuu wa wavushaji, alikaa ukingoni akisokota kamba. Mbele yake, mtoni, zilisimama nguzo za kuonyesha njia yenye kina. Kila baada ya mafuriko mto ulihama, naye na mkewe, Bi Hadia, waliingia majini kuzihamisha. Mke anashika, mume anapiga. Ko! Ko! Ko! Mwaka huo Bi Hadia alifariki. Mto ukahama. Nguzo zikabaki palepale, juu ya mchanga.

"Baba, nimekwama tena," alisema Kindamba, mkwewe. "Nguzo zako zinatudanganya."

"Pita pembeni."

"Nizihamishe mimi?"

"Usiziguse."

Mara, tuku-tuku-tuku. Moshi juu ya matete. Ilikuwa meli ya Wadachi, mzinga puani. Nchi ilikuwa imekataa kuwalimia pamba, na vita vilikuwa vimewaka. Ng'ambo, wapiganaji na jamaa zao walingoja kuvuka, jeshi la Wadachi likiwafuata nyuma. Somoe, mke wa Kindamba, binti pekee wa Mzee Ngwele, alikuwa miongoni mwao. Meli ikishika kivuko, havuki mtu.

Meli ikapunguza mwendo. Askari akaita, "We mzee, kina kiko wapi?"

Mzee Ngwele akazitazama nguzo.

"Zile nilizipiga mwenyewe," akasema. "Mke wangu alizishika."

"Alishika vizuri?" askari akauliza.

"Hakuna aliyeshika kama yeye."

Askari wakacheka. Nahodha akazifuata nguzo. Tuku-tuku-tuku. Tuku-tuku. Tuku. Kwaaa!

Meli ikapanda mchanga, ikalala ubavu. Mzinga ukaelekea mawinguni. Askari wakaruka kuisukuma, mchanga ukawashika magoti.

"Baba," Kindamba akanong'ona, "kumbe siku zote ulipanga..."

"Sikupanga lolote. Toa mitumbwi."

Wakavusha nyuma ya kona ya mto. Kasia chwaa, kasia chwaa. Wapiganaji, akina mama, watoto mgongoni, kuku kwapani. Somoe akashuka, miguu imevimba, akamkumbatia baba yake. Jeshi lilipofika ng'ambo lilikuta majivu na nyayo.

"Mwambieni nahodha aje tumvushe," mvushaji mmoja alidhihaki. "Nauli yake ule mzinga."

Kijiji kizima kikacheka. Kabla jua halijatua, askari waliitelekeza meli, wakaondoka kwa miguu, wamelowa.

Asubuhi yake Mzee Ngwele aling'oa nguzo zote, akazipakia mtumbwini pamoja na nyundo yake ya mti. Akamchukua Somoe, wakashuka mto hadi mahali ambapo meli nyingine ingetokea kwanza. Akaingia majini.

Somoe akatazama chini. "Baba, mbona hapa ni mchanga?"

"Najua," akasema. "Shika kama mama yako."

Ko! Ko! Ko!

Nasi tuwakumbuke wanaotushikia nguzo. Bi Hadia alikilinda kivuko akiwa kaburini. Hadithi imefika ng'ambo, naweka kasia chini.